Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kujaza na Kukosoa Fumbo la Maneno la Gazetini

Ukurasa huu ni wa wasomaji wanaolijaza fumbo la gazeti kila siku na wangependa kulijadili kwa haki, na pia wa wale wanaolipita kila siku kwa kudhani haliwahusu. Kujaza kumetangulia, kukosoa kunafuata. Vidokezo vya Kiswahili vilivyotolewa mfano vimetungwa kwa ajili ya ukurasa huu.

Fumbo la maneno lilianzia wapi?

Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi katika gazeti la New York World, alichapisha la kwanza la aina tunayoijua tarehe 21 Desemba 1913. Lilikuwa na umbo la almasi. Mwaka 1924 kampuni changa ya Simon & Schuster ilitoa kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo, kikiuzwa pamoja na penseli yake, na homa ikaenea Marekani nzima. Mwaka huohuo New York Times liliandika kwa dharau kuhusu mchezo huo. Gazeti hilohilo lilianza kuchapisha fumbo lake tarehe 15 Februari 1942, na kuanzia 1950 likawa la kila siku. The Times la London lilikuwa limeshaanza tangu 1930.

Sijawahi kumaliza hata moja. Nianzie wapi?

Usianzie namba 1 kwa sababu tu ni namba 1. Pitia vidokezo vyote haraka, mlalo kisha wima, ujaze yale tu ambayo ungeyatetea mbele ya mtu. Vidokezo vya kujaza pengo huwa vyepesi kuliko vyote: "Haba na haba hujaza ___ (6)", ambapo namba ya kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu, hakihitaji kufikiri, ni KIBABA. Sasa una herufi sita, na kila moja ni msaada kwa neno linaloikata. Baki hapo hapo. Fuata maneno yanayokatana na KIBABA kabla ya kuruka kona nyingine, kwa sababu jedwali hufunguka kutoka mahali penye herufi.

Wanaokwama mapema mara nyingi wana maneno ya kutosha, ila wameyatawanya: moja juu kushoto, moja katikati, moja chini, hakuna linalolisaidia jingine.

Nina majibu mawili yanayofaa. Nichague lipi?

Usichague bado. Tuseme kidokezo ni "Chombo cha kusafiria baharini (6)". MASHUA inaingia. JAHAZI nayo inaingia. Yaandike pembeni moja chini ya jingine uyatazame herufi kwa herufi: M na J, A na A, S na H, H na A, U na Z, A na I. Herufi ya pili ni A kwa yote mawili, kwa hiyo hata ukiipata kutoka neno la wima hujajua chochote. Herufi nyingine zote zinaamua. Basi nenda kwenye neno la wima linalopita mraba wa kwanza, au wa tano, au wa mwisho, lolote lililo jepesi. Likikupa I mwishoni, jahazi limefika.

Hii ndiyo kazi yenyewe ya kujaza fumbo. Anayekisia neno na kusonga mbele hujenga kona nzima juu ya kisio hilo, na kulibomoa baadaye ni kazi kubwa kuliko kusubiri.

Sarufi ya Kiswahili inasaidia?

Inasaidia sana, na wajazaji wengi hawaitumii vya kutosha.

Kwanza, maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Mraba wa mwisho wa neno lolote una uwezekano wa herufi tano tu. Kama kidokezo kinataka kitendo katika hali yake ya kawaida, kuna uwezekano mkubwa kwamba herufi hiyo ni A. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu ndivyo vinavyovunja desturi, kama samehe, fikiri, jaribu.

Pili, kidokezo na jibu lazima vikubaliane katika umoja na wingi. "Kitu cha kukalia (4)" ni KITI, "Vitu vya kukalia (4)" ni VITI. Tofauti ni herufi moja, lakini herufi hiyo ndiyo inayokatana na neno jingine. "Wanaofundisha (6)" inakuruhusu kuandika WA kwa penseli kabla hujajua jibu lenyewe, ambalo ni WALIMU. Ila kwa penseli: askari na madaktari nao ni watu, na hawaanzi na WA.

Tatu, angalia kama kitenzi kimepewa ku- au la. "Kwenda mbio (8)" ni KUKIMBIA. "Nenda mbio (6)" ni KIMBIA. Mtunzi makini halichanganyi hilo hata siku moja.

Na nne, ambalo hujitokeza ukishazoea: kwa kuwa konsonanti na irabu hupishana katika maneno yetu, ukishajua kwamba mraba fulani ni irabu, wa kando yake kwa kawaida ni konsonanti. Hata kabla ya kupata neno, unaweza kuona mahali ambapo irabu zitakaa.

CH, SH na NG' zinachukua miraba mingapi?

Kila herufi mraba wake. CHUNGWA ina miraba saba. Alama ya ng' haiandikwi, hivyo NGOMBE ina sita. Mtunzi akitaka kuweka CH katika mraba mmoja anaweza, lakini sharti atangaze juu ya jedwali.

Kufungua kamusi ni udanganyifu?

Hapana. Fumbo ni lako. Ninachoshauri ni utaratibu: maliza kwanza uwezavyo bila msaada, weka alama mahali ulipokwama, ndipo ufungue kamusi. Ukifungua mapema unajinyima ile dakika ambayo neno ulilodhani hulijui linajitokeza lenyewe baada ya herufi ya tatu. Tena kama unakusudia kulikosoa fumbo, alama hizo ndizo ushahidi wako. Bila hizo utakumbuka tu kwamba "lilikuwa gumu".

Vidokezo vya kimafumbo vinasomwaje? Vinaonekana havina maana.

Havina maana kwa makusudi. Mtindo huu ulikomaa Uingereza. Edward Powys Mathers, aliyetumia jina la Torquemada katika gazeti la Observer kuanzia 1926, aliupeleka mbali sana, na baadaye Derrick Somerset Macnutt, aliyejiita Ximenes, akauwekea kanuni za haki ambazo watunzi wanabishania mpaka leo. Msingi ni huu: kidokezo kina sehemu mbili, maana ya jibu na njia ya kulijenga, na maana hukaa mwanzoni au mwishoni mwa sentensi, kamwe si katikati.

Chukua "Simba aliyevurugika aleta huzuni kubwa (5)". Picha ya mnyama ni ya kukupoteza. "Aliyevurugika" ni ishara kwamba herufi za SIMBA zipangwe upya. "Huzuni kubwa" ni maana. Jibu ni MSIBA.

Au "Waliomo toka jana wanaficha kinachounguza (4)". "Wanaficha" inakuambia utafute ndani ya maneno yenyewe, ukivuka nafasi kati yake: walioMO TOka. MOTO.

Au kifupi zaidi: "Mnyama juu ya nyumba (3)". Hapo maana ni mbili na jibu moja, PAA.

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa aina hii ya mwisho. Kaa, kata, panda, tai, kila moja lina maana mbili au tatu zisizohusiana. Kinyume chake, vidokezo vya kugeuza neno litokee nyuma ni vigumu kuvitunga kwetu, kwa sababu neno linaloishia kwa irabu likigeuzwa huanza kwa irabu. Mtunzi anayeiga mbinu za Kiingereza zote bila kuchagua atahangaika bure upande huo na kuacha hazina upande wa pili.

Kwa nini fumbo la siku moja ni jepesi na la siku nyingine linashinda?

Magazeti mengine hupanga ugumu kwa siku. New York Times huanza wiki na jepesi zaidi Jumatatu na kupandisha hadi Jumamosi, lililo gumu kuliko yote. La Jumapili ni kubwa, kwa kawaida miraba 21 kwa 21 badala ya 15 kwa 15, lakini ugumu wake ni wa katikati ya wiki. Ukosoaji lazima uzingatie siku. Kulalamika kwamba la Jumamosi ni gumu si ukosoaji. Kulalamika kwamba la Jumatatu ni gumu kunaweza kuwa halali kabisa.

Tofauti kati ya fumbo gumu na fumbo baya ni ipi?

Hili ndilo swali ninalolijali kuliko mengine yote hapa.

Mraba unaokatwa na maneno mawili una njia mbili za kuufikia. Usipolijua neno la mlalo, la wima linakuokoa. Huo ndio mkataba kati ya mtunzi na mjazaji: nakuruhusu uniulize nisilolijua, mradi uniachie mlango wa pili. Kwa hiyo neno geni peke yake si kosa. Mto ambao sijawahi kuusikia, ukikatwa na KITI, WALIMU na KIBABA, nimeupata, na nimejifunza kitu. Kosa ni pale majina mawili mageni yanapokatana kwenye mraba mmoja na hakuna namna ya kuijua herufi ile kwa kufikiri.

Wajazaji wa Marekani wana jina la mraba kama huo. Mwaka 2008 fumbo la New York Times liliukatisha mji mdogo wa Natick, Massachusetts, na jina la mchoraji N. C. Wyeth, na makutano yakawa kwenye N, ambayo kwa mchoraji ni herufi tu ya kifupi cha jina. Usipomjua yeye wala mji, herufi yoyote ingefaa. Tangu hapo makutano ya namna hiyo huitwa "Natick".

Basi kabla hujaandika kwamba fumbo ni baya, weka kidole kwenye mraba uliokushinda ujiulize: je, neno la pili lilikuwa linaweza kupatikana? Kama ndiyo, hukujua tu, na hilo si kosa la mtunzi. Kama hapana, una hoja, na hoja yako ina anwani: namba fulani mlalo, namba fulani wima, herufi ya ngapi.

Kanuni hii hailingani kwa mitindo yote. Katika majedwali ya Kimarekani kila herufi hukatwa na maneno mawili. Ya Kiingereza yana umbo la wavu, ambamo karibu nusu ya herufi za neno zinaweza kuachwa bila mkato. Hapo mtunzi ana deni kubwa zaidi la kuandika kidokezo kilichonyooka, na kidokezo cha kimafumbo hulilipa kwa kukupa njia ya pili ndani ya sentensi yenyewe.

Nitajuaje kama kidokezo kina kasoro?

Weka jibu mahali pa kidokezo ndani ya sentensi. Sentensi ikisimama, kidokezo ni halali. "Alitembea polepole" kwa NYATA hakisimami, maana kidokezo ni cha wakati uliopita na jibu halina wakati. "Tembea bila kusikika (5)" kinasimama.

Lakini pima kabla ya kushtaki. Nimeona watu wakilalamikia kidokezo kama "Vyombo vya kuandikia (6)" kwa KALAMU, wakidai ni umoja. Kalamu ni moja na kalamu ni kumi, neno halibadiliki. Mtunzi hana kosa, ametumia tu mwanya ambao lugha inampa, nami nampongeza.

Kasoro nyingine za kuangalia: neno la kwenye kidokezo kujitokeza tena kama jibu katika jedwali hilohilo, kifupisho kisichotangazwa kuwa ni kifupisho, na mzaha usio na dalili yoyote. Katika vidokezo vya kawaida, alama ya kuuliza mwishoni ndiyo desturi ya kumwambia msomaji kwamba kuna mchezo wa maneno.

"Maneno ya kujazia" ni yapi, na kwa nini yanalaumiwa?

Ni maneno mafupi yanayowekwa kwa sababu tu herufi zake zinakubali kukaa pale. Katika Kiingereza ni yale yenye irabu nyingi, kama ARIA, ALOE na OREO. Kwetu kishawishi ni AU, UA, OA, ARI, AMI, OLE. Siyalaumu yote. Hakuna jedwali lisilo nayo, na UA yenye kidokezo kizuri inapendeza kuliko neno refu lenye kidokezo kilichonakiliwa kwenye kamusi. Ninacholaumu ni kona nzima ya maneno hayo, hasa pale ambapo kuhamisha mraba mmoja mweusi kungeiponya. New York Times halikubali jibu lenye herufi chini ya tatu, na huweka kikomo cha maneno 78 katika fumbo la kawaida la siku. Kwa Kiswahili naona herufi mbili zinavumilika mara chache, kwa kuwa UA na OA ni maneno kamili yanayotumika kila siku.

Kwa nini miraba myeusi inapangwa kwa ulinganifu?

Ni desturi ya urembo tu. Pindua gazeti juu chini, na katika mafumbo mengi miraba myeusi itakaa palepale. Ikivunjwa kwa sababu ya mada, hakuna neno. Ikivunjwa kwa sababu mtunzi alichoka, inaonekana.

Fumbo zuri sana linafananaje?

Mfano ninaoutoa daima ni wa Jeremiah Farrell, uliochapishwa na New York Times tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani. Katikati ya jedwali palitakiwa jina la atakayetajwa kuwa mshindi katika gazeti la kesho yake, herufi saba. Wagombea wakuu walikuwa Bill Clinton na Bob Dole. CLINTON ilifaa. BOBDOLE nayo ilifaa. Kila neno la wima lililopita katika herufi hizo saba lilikuwa na kidokezo chenye majibu mawili sahihi. Kwa herufi ya kwanza, kidokezo kilitaka mnyama mweusi wa sikukuu ya Halloween: kwa Kiingereza paka ni CAT na popo ni BAT, hivyo C na B zote ziliingia. Kila msomaji alijaza alichoamini, na hakuna aliyekosea.

Tazama kilichofanyika pale. Mraba wenye majibu mawili kwa kawaida ni kosa. Farrell alilichukua kosa hilo akalifanya kuwa mada yenyewe, na akalitimiza katika miraba yote saba bila kuacha hata mmoja. Mkosoaji anapaswa kuweza kueleza uzuri kwa undani huohuo anaoutumia kueleza ubovu. "Nimelipenda" halimsaidii mtunzi wala msomaji.

Watunzi hupata wapi maneno yao?

Popote. Kabla ya majeshi ya washirika kutua Normandy tarehe 6 Juni 1944, fumbo la Daily Telegraph lilikuwa limetoa majibu kama UTAH, OMAHA, OVERLORD na NEPTUNE, ambayo yalikuwa majina ya siri ya operesheni hiyo. Maofisa wa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, walimhoji mtunzi, Leonard Dawe, aliyekuwa mwalimu mkuu, wasipate hatia yoyote. Miaka mingi baadaye mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alieleza kwamba wavulana walikuwa wakimpa mwalimu maneno ya kujaza, na baadhi waliyasikia kwa askari waliokuwa kambini karibu na shule.

Gazeti likichapisha kosa, nifanye nini?

Subiri majibu yachapishwe kwanza. Kisha mwandikie mhariri kwa ufupi: tarehe ya toleo, namba ya kidokezo, kasoro, na kama unaweza, kidokezo mbadala. Barua yenye mbadala husomwa. Kumbuka pia kwamba namba iliyopotea au mraba mweusi uliosahauliwa mara nyingi ni kosa la mpangaji wa kurasa, mtunzi hahusiki.

Na usitaje jibu hadharani siku ileile. Kuna wenzako hawajalifungua gazeti.

Ni kweli linalinda kumbukumbu?

Ushahidi ni wa kiasi. Utafiti wa vyuo vikuu vya Columbia na Duke uliochapishwa 2022 ulifuatilia watu 107 wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu kwa wiki 78. Waliojaza mafumbo ya maneno walifanya vizuri kidogo kuliko waliocheza michezo ya kompyuta ya kunoa akili. Utafiti haukuwa na kundi lisilofanya lolote, kwa hiyo usilichukue fumbo kama dawa.

Kompyuta inaweza kulimaliza?

Ndiyo. Mwaka 2021 programu ya Dr.Fill, iliyoanzishwa na Matt Ginsberg, iliwapita washindani wote wa kibinadamu kwa alama katika mashindano ya Marekani yaliyoanzishwa na Will Shortz mwaka 1978.

Nataka kutunga langu. Nianze vipi?

Anza na jedwali dogo, miraba 5 kwa 5 au 7 kwa 7. Weka kwanza maneno mawili marefu unayoyapenda, ndipo utafute yanayokatana nayo, na vidokezo viandikwe mwisho kabisa. Jedwali likikataa, badili neno, usilazimishe jina la mtu ambaye wewe peke yako unamfahamu. Ukimaliza, wape wasomaji wawili walijaze bila wewe kuwapo karibu, na uwaombe waweke alama kwenye kila mraba waliousitia. Miraba yenye alama za wote wawili ndiyo ya kurekebisha kwanza.